Mzigo Ulioondoka Bila Kukaguliwa

Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Waheshimiwa,

Mimi ni wakala wa forodha hapa Horohoro mpakani, wilaya ya Mkinga. Kazi hii niliianza barabara ya Tanga ingali ya vumbi kiangazi na tope masika, kabla Wamarekani hawajatoa zile fedha za Milenia tukapata lami ya kilomita 65. Nawatajia hayo mjue kwamba barua hii haitoki kwa msomi wala kwa mwanasiasa. Inatoka kwa mtu wa karatasi. Lori la machungwa ya Muheza likija hapa kwenda Mombasa, mimi ndiye ninayekimbizana na kadhia ya forodha, cheti cha uasilia na cheti cha afya ya mimea, simu moja sikioni na nyingine inaita mfukoni, huku dereva ananilaani kimoyomoyo.

Katika miaka yote hiyo nimejua jambo moja kuhusu mzigo: kama una kasoro, heri ijulikane unapopakiwa. Machungwa yakikataliwa Muheza, tajiri amepoteza nusu siku. Yakikataliwa mpakani, yameshakula dizeli, yameshakula posho ya utingo, yamekaa juani siku mbili, na chini ya bodi la lori yanadondoka maji matamu, nyuki wamejaa. Harufu ya chungwa lililoanza kuvunda naijua hata kabla sijafika getini.

Sasa nizungumze nanyi juu ya watoto wetu wanaokwenda kusomea udaktari nje.

Binti yangu alikwenda China mwaka 2017. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB, matokeo yake si mabaya ila si yale ya kutangazwa redioni. Udaktari hapa nyumbani akakosa nafasi, akapangiwa kozi nyingine ambayo hata jina lake alilitamka kama mtu anayetema mbegu. Siku zile zile akatokea wakala, si wa forodha kama mimi, wakala wa vyuo. Alikodi ukumbi wa hoteli Tanga mjini, akatundika bango lenye vijana wa rangi zote ndani ya makoti meupe. Soda zilikuwa za bure. Jina lake simtaji, maana sina ugomvi naye peke yake. Wa aina yake wako wengi, na kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita utawaona wamerudi kama siafu baada ya mvua.

Alisema masomo ni kwa Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho na cheti chake kinatambulika dunia nzima. Kwa mazoea ya kazi yangu nikamuuliza, "Karatasi iko wapi?" Akafungua kompyuta, akanionyesha jina la chuo ndani ya orodha inayoitwa World Directory of Medical Schools. Jina lilikuwemo kweli. Nikaridhika. Mimi mtu wa karatasi, nikamalizwa na karatasi.

Baadaye sana ndipo nilipofahamishwa kwamba orodha ile ni mfano wa kitabu cha simu: inakuambia chuo kipo na kiko wapi, haikuambii kwamba kimekaguliwa kikapasi, na wanaoitunza wenyewe wanalisema hilo waziwazi. Nikafahamishwa pia kwamba Wizara ya Elimu ya China, tangu 2007, imekuwa na orodha yake ya vyuo ilivyoviruhusu kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Chuo cha mwanangu hakikuwa humo. Chenyewe kilifundisha kwa lugha mbili, maana yake mwalimu alisalimia kwa Kiingereza, akaandika kichwa cha somo kwa Kiingereza, kisha akahamia Kichina mpaka kipindi kikaisha.

Shamba la minazi la marehemu baba, kule Moa, lilikuwa limeshauzwa kulipia ada. Na siku binti anaondoka, watu hapa Horohoro wakaanza kuniita Baba Daktari. Kitabu cha kwanza hajakifungua! Jina lile, waheshimiwa, ni deni. Ukishaitwa hivyo kwenye kahawa, mtoto akikupigia simu mwezi wa nne akakwambia baba mambo huku sivyo tulivyoambiwa, hutamwambia rudi. Utamwambia vumilia. Nami nilimwambia vumilia. Hilo ni kosa langu, silipeleki ofisi ya mtu yeyote.

Januari 2020 alikuja likizo ya mwaka mpya wa Kichina, siku ishirini tu, na sanduku moja la nguo. Vitabu aliviacha bwenini. Tarehe 28 Machi China ikawafungia wageni mlango kwa ajili ya korona, na haukufunguliwa kwa wanafunzi wengi hadi Agosti 2022. Miaka miwili na zaidi. Mwaka wa tatu uliobaki, mwaka wa nne na wote wa tano, mwanangu alisomea udaktari kwenye baraza ya nyumba yangu.

Nataka mwone baraza hiyo. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule, hapa ni saa tisa usiku. Anajifunga kanga mbili kwa mbu, simu kaiegemeza kwenye kopo la maziwa. Na mnaojua mpakani mnajua shida ya mtandao wetu: ukikaa upande mmoja wa nyumba unashika mnara wa Tanzania, ukisogea kidogo unashikwa na mnara wa Kenya, na salio linayeyuka. Kwa hiyo alikuwa na jiwe lake. Akikaa juu ya jiwe lile na kugeukia mwembe, mwalimu anaonekana. Akigeuka, mwalimu anaganda, mdomo wazi, kipimo cha moyo kikiwa juu ya kifua cha sanamu, na sauti ya moyo inakuja vipande vipande kama gari linalokataa kuwaka. Usiku mmoja aliniamsha. "Baba, samahani, lala chali kidogo." Akanisikiliza kifua robo saa nzima, akalinganisha na ile sauti ya simu iliyokatika. Ndivyo moyo wangu ulivyofundishiwa mwaka wa nne wa udaktari, nami nikapona kwa kuambiwa uko salama.

Kushona vidonda alijifunzia maganda ya machungwa. Madereva wangu walikuwa wakimletea yale yaliyopondeka. Anamenya kwa duara, anachana ganda kwa wembe, kisha anashona kwa sindano iliyopindwa na uzi mweusi wa fundi cherehani. Mama yake akifagia asubuhi anakuta chini ya kiti maganda yaliyoshonwa vizuri kuliko suruali zangu. Tulicheka, lakini moyoni nilijua ganda la chungwa halitoki damu wala halipigi kelele.

Alirudi China mwishoni mwa 2022, akamalizia, akahitimu, akaja. Akafanya mtihani wenu, ule wa kabla ya utarajali kwa waliosomea nje. Akafeli.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi wakiandika huanza kulia. Mimi siombi mtihani ufutwe. Mtu aliyefundishwa moyo kwa simu inayoganda asiachiwe mgonjwa kabla hajapimwa, hata akiwa mwanangu. Nasema hata akiwa mwanangu kwa sababu mgonjwa huyo anaweza kuwa mimi, nimekimbizwa hospitali ya Bombo usiku na gari la samaki. Mtihani mliuweka vyema.

Na kusoma nje si anasa wala si aibu. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba mwaka 1961 Tanganyika ilianza safari na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo anayetaka kuwa daktari ilimbidi avuke mpaka, aende Makerere au mbali zaidi. Wazee waliojenga Muhimbili walianza kama wanafunzi wa ugenini. Leo tuna vyuo vingi, Bugando, KCMC, Kairuki, Dodoma na vinginevyo, bado wanaotaka ni wengi kuliko viti. Watakwenda tu. Watakwenda Uganda, India, Urusi, Misri na China.

Kwa hiyo hoja yangu ni ya wakala: kwa nini swali la ubora wa chuo limfikie mtoto kwa uzito wake wote siku ya kurudi, wakati ada ya miaka sita imeshalipwa na shamba limeshabadili mwenyewe?

Tume inatoa ile hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, NOC kama wanavyoiita vijana. Baraza ndilo linalompima akirudi. Ninyi mnajua kuwa hizo ni ofisi mbili zenye sheria mbili. Mzazi wa Duga Maforoni hajui. Yeye anaona serikali moja. Akishaona mhuri mmoja wa nembo ya taifa anaamini kapewa yote, kumbe kaambiwa tu kwamba mlango wa kutokea uko wazi.

Ruhusuni niwape mfano wa hapa kwetu. Zamani msafiri aligonga mhuri Horohoro, akapanda bodaboda, akafika Lunga Lunga upande wa Kenya akapanga foleni upya, akaulizwa maswali yale yale na mtu mwenye sare nyingine. Mzigo vilevile. Ulikuwa unaweza kuruhusiwa huku na kukataliwa kule, lori likabaki katikati kama mke aliyeachwa nusu talaka. Ndipo kikaja kituo cha pamoja. Sasa anayeingia Tanzania anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili hapa, anayeingia Kenya anamalizana nao wote kule. Ikiwa nchi mbili, bendera mbili na sarafu mbili zimeweza kukaa meza moja kwa ajili ya gunia la dagaa, ofisi mbili za serikali moja zitashindwaje kukaa meza moja kwa ajili ya mtoto?

Ninachoomba ni hati moja kwa anayekwenda kusomea udaktari, yenye maneno ya pande zote mbili. Upande wa Tume useme chuo kinatambulika. Upande wa Baraza useme jambo ambalo mzazi yeyote atalielewa: waliotoka chuo hiki wamefanya mtihani wetu wangapi, wakafaulu wangapi. Basi. Msimkataze mtu. Mwacheni mzazi asome namba hizo, auze shamba akijua.

Wala hilo si geni duniani. India ina vijana wengi mno wanaosomea udaktari nje, na tangu 2002 imewawekea mtihani wa kuwachuja wakirudi, Juni na Desemba. Bodi yake ya mitihani imewahi kuchapisha matokeo kwa nchi na kwa jina la chuo. Mzazi wa Kerala akitaka kujua chuo fulani cha China au cha Ukraine kinatoa madaktari wa namna gani, kuna mahali pa kutazama. Anaona waliofanya ni kadhaa, waliofaulu ni kadhaa. Wakala wa soda za bure atasema nini mbele ya karatasi hiyo? Namba zile zikija, naomba zisiishie kwenye tovuti. Zitoeni kwa Kiswahili, zibandikwe shule zenye kidato cha tano na sita, na ofisi za kata, pale pale panapobandikwa tangazo la chanjo ya mifugo. Huku kwetu karatasi ukutani inasomwa na watu wengi kuliko mnavyodhani, maana anayejua kusoma anasoma kwa sauti.

Narudi kwa binti yangu. Alipofeli, nilimuuliza maswali yalikuwaje. Alinijibu jambo ambalo sijalisahau: "Baba, si kwamba sikujua dawa. Sikujua mgonjwa." Huko alikosomea aliona saratani na presha na mapafu ya wavuta sigara. Malaria aliiona kwenye picha. Matende na mabusha, maradhi ambayo pwani hii ya Tanga tumeishi nayo toka enzi, kwa wenzake wa darasani yalikuwa maajabu ya kitabuni. Selimundu, kichocho, mtoto aliyeumwa na nyoka akafungwa kamba mguuni kwanza kwa fundi ndipo akaletwa zahanati, hayo mwalimu wake hakuwahi kuyashika kwa mkono, angeyafundishaje?

Kisha kuna lugha. Msidhani nasema Kichina. Nasema Kiswahili cha wagonjwa. Mama wa Kidigo hatakuja akwambie mwanangu ana malaria kali iliyopanda kichwani. Atakwambia ana degedege, na kama alikuja nalo kuna mambo ameshayafanya nyumbani, kuna moshi ameshafukizwa, na moyoni anaogopa sindano kuliko ugonjwa. Mzee atakwambia mshipa umemshuka, naye anatazama ukutani, kwa sababu daktari ni msichana wa umri wa mjukuu wake. Mwingine ana chango. Mwingine bandama. Mtu aliyejifunza kumhoji mgonjwa kupitia mkalimani, au kwa sanamu ya plastiki, anayaokota maneno hayo kama mtu anayeokota mchele uliomwagika gizani.

Aliyemnusuru ni mzee mmoja, tabibu mstaafu, jirani yetu kwa upande wa mashamba. Hana digrii. Alimchukua binti miezi saba, wakazunguka naye kwa watu, akawa anamwambia keti, usiulize, sikiliza kwanza. Siku moja waliitwa kwa mtoto mwenye degedege. Bibi wa mtoto alikuwa kasimama mlangoni, hapishi mtu. Binti yangu akaanza kumweleza habari za vimelea na ubongo. Mzee akamshika mkono akamnyamazisha, akamwambia bibi, "Dada, dawa yako umeshafanya, shukrani. Sasa tupishe na sisi tufanye yetu, tusaidiane." Bibi akapisha. Mtoto akafika hospitali, akapona. Mwanangu aliniambia usiku ule kwamba sentensi moja ya yule mzee ilikuwa na thamani kuliko muhula mzima, na mimi niliyelipia mihula yote nikakaa kimya.

Alirudia mtihani, akafaulu. Utarajali ameshaumaliza, sasa anasubiri ajira kama wenzake waliosomea hapa hapa, maana hilo nalo ni foleni ya aina yake na si la barua hii. Nawaambia hivyo mjue siombi kupendelewa, langu limekwisha. Ila nilimtazama akikaa miezi ile kati ya kufeli na kufaulu na nikaona kitu ninachokijua kazini. Niliona mzigo umezuiliwa, haujakataliwa wala haujaruhusiwa, uko juani. Mikono ya daktari, waheshimiwa, inavunda. Alipata yule mzee kwa bahati. Wenzake wawili ninaowajua hawakupata mzee. Mmoja anauza vifaa vya simu Tanga mjini, na ukimuuliza habari za udaktari anabadilisha mazungumzo. Mwingine amekwenda Oman kwa jamaa zake, na barua ya mwisho ilisema anafanya kazi dukani.

Ndiyo maana ombi langu la pili ni hili. Anayefeli apewe mahali pa kujifunzia, asipewe tarehe ya mtihani mwingine tu. Bombo pale kuna wodi zimejaa. Muheza pale hospitali ya Teule vilevile. Mwingizeni miezi sita kama mwanafunzi, si kama daktari, asiandike dawa, asishike kisu, awe nyuma ya daktari na mbele ya mgonjwa, asikilize. Hata kama hamtamlipa. Wazazi tuliolipa miaka sita kwa dola hatutashindwa kumlisha mtoto miezi sita kwa shilingi. Mwishoni msimamizi aandike: huyu anafaa, huyu bado, huyu atafute kazi nyingine. Hata hilo la mwisho ni heri kuambiwa na mtu aliyekuona ukifanya kazi kuliko kuambiwa na karatasi ya alama.

Najua mtasema tutawaweka wapi, wodi zenyewe zinagombewa na wanafunzi wa vyuo vya ndani. Ni kweli. Lakini nimeona pia kwamba pakitakwa pa kuwaweka watu panapatikana. Vita vilipolipuka Sudan Aprili 2023, watoto wetu waliokuwa Khartoum, na wa Tanga walikuwemo maana kwetu njia ya Khartoum ni ya zamani, walitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia, ndege ya ATCL ikawachukua. Miezi michache baadaye Muhimbili ikawapokea wanafunzi wa udaktari wa chuo cha Khartoum, Wasudani, waje wamalizie mafunzo yao ya wodini hapa. Nilifurahi niliposikia. Huo ndio uungwana, na mgeni akipewa kitanda mwenye nyumba hapungukiwi. Nikajiuliza tu: kama tumeweza kumpa wodi mtoto wa Khartoum aliyekatiwa masomo na bunduki, mtoto wa Mkinga aliyekatiwa masomo na korona, au yule aliyekimbia Kharkiv, kule Ukraine, na begi mgongoni Februari 2022, naye si wa jamii hiyo hiyo?

Maana mambo haya hayakuwa ajali ya mara moja. Ndani ya miaka mitatu na ushee, China ilifunga, Ukraine ikapigwa, Sudan ikawaka. Sehemu tatu walikosoma watoto wetu. Ajaye baadaye atakutwa na lingine, na itabidi mtu awe ameshafikiri kabla kuhusu aliyesoma miaka minne ahamishwe vipi, masomo yake yahesabiweje, nani ampokee. Kila mara tukianza kufikiri siku ndege inatua, tunachelewa.

La tatu ni dogo. Mabaraza ya udaktari ya Afrika Mashariki yamekuwa yakitembeleana na kukagua vyuo vyao kwa pamoja, mkaguzi wa Tanzania yumo, wa Kenya yumo, wa Uganda yumo. Kwa nini timu hiyo hiyo isipande ndege mara moja ikatazame vile vyuo vichache vya mbali vinavyobeba watoto wengi wa kanda hii? Gharama mkigawana si kubwa. Mtoto wa Lunga Lunga na wa Horohoro hukutana darasa moja kule, wanaangaliana wanacheka kwa sababu nyumbani hutenganishwa na mwendo wa bodaboda. Chuo kikiwa kibovu, kimewaharibia wote.

Na kwenu wazazi wenzangu mtakaoisoma barua hii juu ya mabega ya waheshimiwa: kabla hujatia saini, mwulize wakala mambo manne. Mwalimu anafundisha kwa lugha gani, wodini wagonjwa wanaongea lugha gani, mwanangu ataruhusiwa kumgusa mgonjwa au atasimama mlangoni, na nipe simu ya Mtanzania aliyehitimu hapo akafaulu mtihani wa Baraza. La nne akishindwa kulijibu, kunywa soda yake uende zako.

Waheshimiwa, naandika sasa kwa sababu kuna kijana hapa kwetu, baba yake ni mbeba mizigo, tunasali msikiti mmoja. Amefaulu PCB. Wiki iliyopita baba yake alikuja na karatasi yenye picha ya makoti meupe, chuo kingine, nchi nyingine, ila maneno yale yale ya Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho. Ana ng'ombe wawili na kiwanja kimoja. Ameniomba nimwambie kama auze. Nimemwambia asubiri kwanza, kuna watu nimewaandikia. Atarudi kwangu Ijumaa baada ya sala, na Ijumaa nyingine baada ya hiyo, na mnunuzi wa kiwanja hatangoja mwaka mzima.

Nawaombeni mjibu kabla hajauza.

Wenu katika kazi,
Wakala wa forodha, Horohoro